Tumejenga Goba, Tunapanga Magomeni

Hapa Dar es Salaam, ukishavuka miaka thelathini na kidogo, watu hawakuulizi tena unaishi wapi. Wanakuuliza umejenga wapi. Ukijibu Goba, Madale, Kigamboni au Chanika, mtu anatikisa kichwa kwa heshima na mazungumzo yanahamia kwenye bei ya nondo. Sisi tumejenga Goba, ndani kidogo ya Kinzudi, na tunaishi Magomeni kwenye nyumba ya kupanga. Nikifika hapo, heshima inayeyuka.

Mama mkwe wangu, ambaye yuko Muheza na hana tabia ya kuficha anachofikiri, alipopata habari aliuliza jambo moja tu: "Kwani mwanangu, nyumba mmeiuza?" Hatujaiuza. Ipo na bati lake la rangi ya damu ya mzee, na ndani anakaa mdogo wake baba watoto na familia yake. Nikamweleza kwamba tumehama ili tuwe karibu. Karibu na nini, akauliza, na kazi? Nikasema ndiyo, na kazi pia. Kitu chenyewe nilishindwa kukisema kwenye simu: kwamba nimechoka kuishi mahali ambapo siwezi kwenda popote kwa miguu yangu. Mama huyu amekulia kutembea na ndoo kichwani. Kwake kutembea ni shida ambayo anamshukuru Mungu imekwisha, na mimi nimwambie nimeacha nyumba yangu nikaitafute?

Kwa hiyo acha niandike hapa nilichoshindwa kumwambia.

Sizungumzii mazoezi. Wale wa raba nyeupe wanaokwenda Coco Beach Jumamosi alfajiri na chupa ya maji mkononi, nawaheshimu, lakini wengi wao wanafika pale kwa gari ili waje kutembea, na wakimaliza wanarudi kwa gari. Kutembea ninakokutaka mimi ni kule kwa mtu aliyevaa kandambili na kanga, ameshika noti ya elfu mbili, anakwenda kununua vitunguu, na hajui kama amefanya zoezi.

Niitendee haki Goba kwanza. Kuna upepo wa mlimani ambao Magomeni hatuuoni kabisa. Kulikuwa na mpapai uani uliojiotea wenyewe na ukazaa bila kuombwa. Usiku unasikia vyura, mbwa wa jirani, basi. Ukikaanga samaki hakuna wa kujua ni samaki gani. Ndugu na marafiki wengi ninaowapenda wako huko na wana raha zao, sina la kuwafundisha.

Ila kila kitu kilianza na usafiri. Duka la karibu lilikuwa na vocha, mkate, soda na biskuti. Mengine yote yako barabara kubwa, na kufika barabara kubwa ni mteremko wa udongo ambao mvua ikinyesha hata bodaboda anapandisha bei au anakataa kabisa. Kitunguu kikiisha saa kumi na mbili jioni una njia tatu: umpigie bodaboda akuletee, na nauli yake itazidi bei ya kitunguu mara kadhaa, uwashe gari, au upike bila kitunguu. Ndiyo maana kila nyumba ina friza. Jumamosi nzima inaishia kwenye manunuzi ya wiki, unajaza buti, unajaza friza, halafu umeme unakatika na ratiba yako yote inaanza kunuka.

Na njia zenyewe hakuna aliyezichora. Sehemu kubwa ya kule ilikatwakatwa na wenye mashamba kabla mpima ardhi hajafika. Mtu anauza kipande, aliyenunua anauza nusu yake, na njia ni kile kilichobaki kati ya kuta mbili. Urasimishaji, yaani serikali kuja kupima na kutambua makazi yaliyokwisha jengwa, ulipokuja ulikuta kuta zimeshasimama. Rafiki yangu mmoja alikuwa jirani yangu kabisa kwa jinsi ndege anavyoruka, naona tanki lake la maji kutoka dirishani kwangu, lakini kumfikia ilikuwa kuzunguka hadi barabara kubwa na kuingia tena kwa upande mwingine, kwa sababu katikati yetu kulikuwa na watu kila mmoja na ukuta wake na haki yake. Tulionana zaidi kwenye WhatsApp kuliko tulipokuwa tukiishi mikoa tofauti.

Kilichonikata maini hasa ni gari la shule. Saa kumi na moja alfajiri, giza, honi getini. Mtoto wa miaka sita anapandishwa akiwa bado na usingizi, soksi moja mkononi, anakwenda kuzungushwa Goba nzima ili wenzake nao wapandishwe. Jioni anarudi saa kumi na mbili, analala akitafuna. Wazazi wa Dar mnaojua habari hii hamhitaji maelezo zaidi.

Sasa njoo mtaani kwetu, saa kumi na mbili na nusu jioni, jua likiwa limeshatulia.

Tumepanga juu ya nyumba ndogo ya ghorofa moja iliyojengwa uani kwa nyumba ya zamani, kati ya Mapipa na Mikumi. Ukishuka ngazi unapita kichochoro, unatokea mbele barazani, ambako mafundi cherehani wawili wanamalizia kazi huku redio ikisoma taarifa ya habari. Mkono wa kushoto ni dukani kwa Mangi. Kila mtu anamwita Mangi, kama Mchaga mwenye duka, ingawa mwenyewe ni mtu wa Singida; alibisha mwanzoni, siku hizi anaitika. Duka limefungwa nyavu za chuma, limebaki kidirisha cha kupitisha mkono. Unasema, "Mangi, nipimie mafuta ya elfu." Anachovya kipimo kwenye ndoo, anamimina kwenye chupa uliyokuja nayo bila kumwaga tone, anaipangusa shingo kwa kitambaa, na muda huohuo anamhesabia chenji mtoto aliyesimama nyuma yako na kumwambia, "Mwambie mama ile ya jana sijaisahau." Daftari la madeni liko chini ya mzani. Mimi mwenyewe nimo.

Ukivuka mtaa ni genge. Nyanya ziko kwa mafungu, bamia, ngogwe, mchicha uliotoka kunyunyiziwa maji, na nazi ambayo ukitaka anakukunia palepale. Pembeni yake karai la chipsi limeanza kuchemka. Mbele kidogo bucha, duka la dawa, saluni mbili zinazogombea wateja wale wale, fundi simu, wakala wa kutoa pesa. Baada ya isha anapita muuza kahawa na buli lake juu ya mkaa, anagonganisha vikombe ili ujue amefika, na wazee wa bao wanamsogezea nafasi. Mchele ukiwa jikoni unaweza kushuka, kununua nazi, kumsalimia bibi wa nyumba ya tatu na kuulizia mguu wake, na ukarudi kabla maji hayajakauka. Hicho ndicho kipimo changu cha mtaa mzuri, na sijaona kingine kinachokishinda.

Usidhani vitu hivyo vimejikusanya hapo kwa bahati. Duka la Mangi haliishi kwa mteja mwenye buti la gari. Linaishi kwa watu wengi wa shilingi mia tano mia tano, wanaopita mlangoni kwa miguu asubuhi, mchana na usiku. Magomeni nyumba moja ya Kiswahili ina vyumba sita na pengine familia tano au sita, na nyumba zimepangana bega kwa bega. Kule Kinzudi, kwenye eneo ambalo hapa lingekuwa na nyumba kumi, kulikuwa na kuta tatu na mlinzi mmoja. Hata Mangi awe na bidii gani, hapo atafunga duka kabla ya miezi sita. Tunalalamika kwamba mtaa wetu hauna duka wala genge, wakati sisi wenyewe tumejitawanya hadi muuza nyanya hana wa kumuuzia.

Na nyumba yenyewe ya Kiswahili ina akili yake. Mlango mmoja mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma kuna uani penye jiko, bafu na choo. Mbele, kabla hujagusa mtaa, kuna baraza la saruji, upana wake kiasi cha mtu kukaa na kunyoosha miguu. Hakuna bustani mbele, hakuna geti. Kwa hiyo shughuli zote zisizohitaji siri zinamwagikia pale: kusuka nywele, kuchambua mchele, kucheza drafti, kuuza ubuyu, kumsubiri mume. Mtu anayepita hapiti mbele ya ukuta, anapita mbele ya watu. Nikirudi saa nne usiku kutoka kwenye kikao cha harusi natembea bila wasiwasi wowote, maana kutoka kituoni mpaka mlangoni kuna macho ya watu wanaonijua, wengine wakiniuliza kabisa kwa nini nimechelewa.

Huwa nacheka nikikumbuka mtaa huu ulivyopatikana. Wajerumani walianza mapema, kwa kanuni za ujenzi za mwaka 1891, kuamua aina gani ya nyumba ijengwe upande gani wa mji. Waingereza wakaendeleza kwa kanda tatu ambazo wazee bado wanazitaja kwa majina: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili Kariakoo na mjini visigusane. Mpango mkuu wa 1949 ukaja na lugha ya kistaarabu zaidi, ya ujazo, yaani wingi wa nyumba na watu kwenye eneo: ujazo mdogo Oysterbay, wa kati Upanga, mkubwa Ilala na Magomeni. Tafsiri yake ilikuwa ileile. Mzungu apewe eneo kubwa na miti, Mwafrika apewe kiwanja kidogo karibu na mwenzake, maana hiyo ndiyo rahisi kwa serikali. Magomeni ilipopimwa miaka ya 1950, hakuna ofisa aliyekaa akafikiria raha ya kutembea. Walitaka kubana gharama, wakachora viwanja vidogo na mitaa iliyonyooka inayokatana kila baada ya hatua chache. Hiyo mitaa iliyonyooka ndiyo mpaka leo inamwezesha mtoto wangu kuchagua njia nne tofauti za kurudi nyumbani.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, bendera ilibadilika, ujazo ukabaki. Na sisi tuliokuwa tumetazama Oysterbay kwa mbali tukabaki na picha ya jinsi mtu aliyefanikiwa anavyotakiwa kuishi: kiwanja kikubwa, ukuta, geti, gari, na jirani asiyeonekana. Ule Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, uliopima maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Buyuni, ulitoa hati na barabara zilizonyooka, jambo jema kabisa. Lakini ulikuwa pembezoni, na aliyepata kiwanja alijenga ile picha ile ile. Aliyekosa akanunua shamba Goba akaijenga kwa udogo. Nami nimo katika hesabu hiyo, geti langu nililichagua mwenyewe kwenye katalogi ya fundi. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 4,364,541 Dar es Salaam, ya 2022 ikatukuta 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka wanaishi wapi? Panda basi la Mbezi, la Chanika au la Mbagala uone mji unavyokimbia kuelekea mkoa wa Pwani, na asubuhi wote wanataka kuwa Posta na Kariakoo saa mbili.

Huko Ufaransa kuna profesa anaitwa Carlos Moreno, ambaye amejipatia jina duniani kwa wazo la mji wa dakika 15: kila unachohitaji kwa siku ukifikie kwa miguu au baiskeli ndani ya robo saa. Anne Hidalgo, akiwa meya wa Paris, alilibeba kwenye kampeni yake ya mwaka 2020. Nilimsimulia Mangi. Aliuliza, "Hizo dakika kumi na tano za kwenda wapi?"

Basi, yapo na machungu yake, na ningekuwa mwongo nisipoyasema.

La kwanza ni kelele. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, mtaa wowote unaweza kufungwa kwa turubai, spika zikapangwa, na singeli ikalia mpaka alfajiri. Kigodoro hakiombi ruhusa kwa mwenye mtihani kesho. Halafu kuna msikiti, kuna kanisa la maombi ya usiku, kuna kibanda umiza cha kuonyesha mpira siku Simba na Yanga zinapokutana. Mume wangu alinunua vile vizibo vya masikio, akavipoteza, akazoea.

La pili ni kwamba huna siri. Barazani wanajua nimenunua nyama au dagaa, wanajua mgeni wangu alikaa mpaka saa ngapi, na wanajua tarehe yangu ya mshahara kuliko mhasibu. Kuna siku natamani ule ukuta wa Goba kwa nguvu zangu zote. Binti anayeanza kubalehe analibeba jambo hili vibaya zaidi kuliko mimi, maana kila suruali anayovaa inajadiliwa na shangazi wasio na undugu naye.

La tatu ni maji. Bonde la Msimbazi likifurika, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani na Magomeni inabaki upande wake, mjini upande wake. Masika kila mtu anaangalia mawingu kabla ya kuangalia saa. Mradi wa kuliendeleza bonde lile unaendelea, na wengi waliokuwa wakiishi mle wameshaondoka. Sisi tuko juu kidogo, lakini mitaro ya mitaa ya ndani imeziba takataka, mingi haina mifuniko, na usiku umeme ukikatika unatembea kwa kumbukumbu. Mtu wa baiskeli ya magurudumu matatu, mama mjamzito, mzee mwenye fimbo, hao hawaoni raha ninayoisimulia hapa. Na vibaka wapo. Simu haishikwi mkononi barabara kubwa, hiyo ni sheria.

Hata hivyo mtoto anatembea kwenda shule. Tulimhamishia shule ya mtaani, tukapunguza ada, tukaongeza idadi ya wanafunzi darasani (huo ni uchungu wa nne, na siutetei). Anaondoka saa moja kasoro na kundi la wenzake, wanapita kwa mama wa vitumbua, ananunua viwili, anakula kimoja na kingine anakipeleka anakojua mwenyewe. Amejifunza kuhesabu chenji kwa Mangi kabla mwalimu hajamfundisha kutoa kwa kukopa. Amepigana, amepatanishwa na mzee wa bao ambaye mimi simjui jina. Akichelewa kurudi siulizi polisi, nauliza barazani, na jibu linakuja: yuko kwa fundi baiskeli, anaangalia wanavyoziba pancha.

Mimi mwenyewe kazini ni upande wa Kisutu. Siku nyingi nachukua basi la mwendokasi kituo cha Mapipa. Tangu huduma ile ianze Mei 2016, Morogoro Road imekuwa na kitu ambacho barabara zetu kubwa hazikuwahi kuwa nacho, njia pana za waenda kwa miguu pande zote mbili. Asubuhi ya baridi ya Juni au Julai natembea kabisa: Jangwani, Fire, halafu mjini. Ni kama kilomita tatu. Nafika na jasho kidogo na akili imeshapangika. Januari sithubutu. Watu wanaochora michoro ya barabara wangetakiwa kuvuka Jangwani kwa miguu saa saba mchana mwezi wa kwanza, halafu ndiyo wakae mezani kujadili kama miti ni mapambo. Mkungu mmoja wenye kivuli una faida kwa mtembea kwa miguu kuliko mita mia za vigae vizuri.

Na hizo njia za waenda kwa miguu, ukizipata, utazipata zimeshakaliwa. Bodaboda wanazitumia kukwepa foleni. Magari yanapandishwa juu kuegeshwa. Wamachinga wanatandika. Mwaka 2021, kuelekea mwisho wa mwaka, wamachinga waliondolewa barabarani nchi nzima kupelekwa maeneo yaliyotengwa, na kwa wiki kadhaa njia zilikuwa nyeupe. Nakumbuka watu wengi tulishangilia. Kisha nikaanza kugundua kwamba saa mbili usiku njia ile nyeupe ilikuwa tupu, taa chache, na mimi natembea haraka nikiwa nimebana mkoba kwapani. Yule mwenye meza ya viatu vya mitumba na taa yake ya betri ndiye aliyekuwa akinilinda bila mshahara. Nataka nafasi ya kupita, nataka na yeye awepo. Mita mbili za kupita, mita moja ya meza, na mtu wa serikali ya mtaa wa kusimamia mstari usivukwe. Kuhusu gari lililopandishwa njia ya miguu sina huruma. Lenyewe halimwangazii mtu usiku.

Kinachonitia hofu ni Kariakoo. Hapo pia palikuwa mtaa wa kuishi, nyumba za Kiswahili, baraza, mitaa iliyonyooka. Mnara wa biashara yake ni lile soko lililosanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, lenye miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua. Moto uliliunguza Julai 2021. Kuizunguka, nyumba za vyumba sita zimevunjwa moja moja, na kila moja imeacha ghorofa nane, kumi na zaidi. Mchana ukitembea Kariakoo huwezi hata kuona unapokanyaga kwa wingi wa watu. Lakini uliza nani analala pale. Chumba ambacho kingekuwa cha familia ni stoo ya mabegi ya shule, kwa sababu mabegi yanalipa kodi kubwa kuliko familia. Novemba 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka pale na kuua watu, na mji mzima ukashika kichwa, kisha makreni yakarudi kazini. Mtaa unaweza kujaa miguu mpaka pomoni na bado usiwe na mtu wa kuulizia mguu wa bibi.

Upande wetu kuna mfano mwingine. Magomeni Kota zilikuwa nyumba za chini, zikabomolewa, wakaazi wakahangaika miaka kadhaa kwenye nyumba za kupanga, na Machi 2022 kaya 644 zikakabidhiwa nyumba mpya za ghorofa palepale walipokuwa. Palepale. Neno dogo lakini ndilo lenye uzito wote. Wangeweza kupewa viwanja vizuri sana Chanika na wakaambiwa washukuru. Nimewatembelea rafiki zangu wa kule: lifti inasumbua watoto wanaoichezea, kuku hawafugiki, na mama mmoja analalamika kwamba biashara yake ya maandazi imekufa kwa sababu ghorofa ya tano hapiti mtu. Lakini duka lake la zamani bado analifikia kwa miguu, hospitali iko pale, kituo kiko pale. Kwa hiyo ghorofa haina kosa kwangu. Watu wengi kwenye eneo dogo ndicho hasa ninachokitaka. Naomba tu chini yake wabakize vizimba vidogo vya akina Mangi badala ya shoruumu moja ya vigae yenye kioo, na mlango wa jengo ufunguke mtaani.

Naandika haya sasa kwa sababu mama mwenye nyumba wetu ametuita. Kuna watu wamekuja kuangalia kiwanja, wa suti, wakapima kwa hatua kabla ya kupima kwa futi. Hajaamua, watoto wake wako watano na kila mmoja ana jibu lake. Lakini mkataba wetu unaisha mwezi wa tisa, na safari hii amesema tulipe miezi mitatu badala ya sita. Tumeelewa.

Baba watoto anaona Goba inatuita, na hesabu zake si za kijinga: kodi tunayolipa hapa inalingana takriban na mafuta ya gari tuliyokuwa tukichoma kule, kwa hiyo kwa mfuko ni sawa kwa sawa, na kule angalau unalipa ukiwa kwako. Mimi nimeanza kutafuta Ilala, upande wa Bungoni, mitaa ile ile iliyonyooka. Dalali wa kwanza alinitoza hela ya kunionyesha, akanipeleka kwenye apatimenti mpya: pakingi ya magari mawili, geti la umeme, kamera, tanki la akiba. Nikamuuliza genge la karibu liko wapi. Akakuna kichwa. "Dada, si una gari?"

Kesho naonyeshwa nyingine na dalali mwingine. Ameniambia ni nyumba ya zamani kidogo, ina baraza, na anaomba radhi mapema kwamba mbele yake kuna fundi viatu na mama anayekaanga mihogo.